Mbio Ndogo za Aprili

Jumapili ya Aprili, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mzee mmoja anatembea pekupeku kwenye uwanja wa kuegesha magari nje ya bwawa la kuogelea, katika mji mdogo wa kusini mwa Uingereza. Lami ina umande, na baridi inapanda hadi magotini. Ametoka mlango wa bwawa, amepita zulia la plastiki, sasa anahesabu safu za mabomba ya kutundikia baiskeli: moja, mbili, tatu, nne, kisha kushoto penye nguzo ya taa. Anagusa kiti cha baiskeli yake, anageuka, anarudi mlangoni na kuanza upya. Atafanya hivyo mara tatu.

"Naionyesha miguu njia," aliniambia mwaka wa kwanza nilipomkuta. "Mtu akitoka majini, mwanangu, kichwa chake hakipo."

Mzee huyu ni wa Unguja. Kuogelea alijifunza kwa kujirusha baharini pale Forodhani, kama watoto wa mjini wanavyofanya hadi leo. Uingereza alifika kijana, akaendesha mabasi mpaka alipostaafu. Triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo mmoja, aliianza akiwa na miaka 45, na sasa ana 68. Hajawahi kulipwa hata senti. Kila mwaka huchagua shindano moja kubwa la Julai: kilomita 1.9 ziwani, 90 juu ya baiskeli, 21.1 kwa miguu. Ila ukitaka kuuona ufundi wake, usingoje Julai. Njoo Aprili, kwenye shindano la mita 400 bwawani, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia, lisilo na medali, ambalo wengi wa mji ule hawajui hata kama lipo.

Anatandika taulo la samawati lililofifia, upana wake haupiti usukani. Juu yake anaweka viatu vya kukimbilia, ndimi zimevutwa mbele, ndani kanyunyiza poda ya watoto. Kamba za kawaida alikwisha kuziondoa akatia za mpira, asipoteze muda kufunga fundo. Mkanda wenye namba yake umelala juu ya viatu. Helmeti imepinduliwa kwenye usukani, mikanda yake ikining'inia nje, huku na huku. Gia ameiacha nyepesi, maana barabara itokayo pale inapanda mlima papo hapo. Kisha anachuchumaa, anafumba macho, na mikono yake inapita hewani juu ya kila kitu kwa zamu: helmeti, kifungo, mkanda, baiskeli. Nimewaona mafundi cherehani wakipapasa kitambaa namna ile kabla ya kutia mkasi.

Mimi niliyaona hayo mambo ya uzee. Shindano langu la kwanza lilikuwa la ziwani, mwezi Mei, na niliiendea siku hiyo moja kwa moja kutoka mazoezi ya ukumbini. Pumzi nilikuwa nayo, miguu nilikuwa nayo. Nilipotoka majini, vidole havikuwa vyangu. Sheria ya mchezo huu inataka helmeti iwe imefungwa kichwani kabla hujaigusa baiskeli, na kifungo chenyewe ni kipande cha plastiki kama ukucha wa dole gumba. Nilikibana kikateleza. Nikakibana tena. Watu niliowaacha majini walifika, wakavaa, wakachukua baiskeli zao, wakaenda. Nilisimama pale nikipulizia vidole pumzi, machozi yakinilengalenga, dakika nne nzima. Miezi sita ya kuamka alfajiri ilikwamia kwenye kifungo.

Mzee aliniona kutoka nyuma ya kamba. Hakusema kitu siku ile. Jumanne iliyofuata alinialika kwake, na jikoni nikakuta ndoo ya maji iliyojaa vipande vya barafu, na helmeti mezani. "Tia mikono. Hesabu mpaka mia mbili. Haya, funga." Nilifaulu mara ya saba. Tulirudi kwenye ndoo ile kila Jumanne ya mwezi mzima, mpaka vidole vikajua kazi yao bila hisia. Yeye alikwisha kulipata kosa hilohilo miaka mingi kabla yangu, Aprili moja, mahali ambapo halikumgharimu chochote.

Ana daftari la shule, la mistari, jalada lake limeshikwa na gundi. Kila shindano dogo linapewa mistari mitatu. Siku moja alinipa nisome. Soksi ya kulia imekunjamana, lengelenge kilomita ya tatu. Maji ya sukari nimeyanywa nikipanda mlima, tumbo limekataa, ninywe kwenye tambarare. Nimewafukuza vijana mita mia za mwanzo, pumzi imekata, mwakani nitulie. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa nikitafuta muda aliotumia, sikuuona popote.

"Muda watauandika wenye saa zao," alisema. "Mimi huja kuchukua makosa yangu."

Baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, na nadhani ndiko alikoitoa akili hii. Jahazi lililokaa ufukweni kwa muda mrefu mbao zake hukauka zikaachana. Fundi hulitia kalafati, hulipaka mafuta ya sifa, chini hulipaka deheni. Hata hivyo hakuna nahodha mwenye akili timamu atakayelipakia shehena siku hiyohiyo na kukata nalo bahari. Huliingiza majini likae, mbao zinywe na kuvimba. Halafu hutoka nalo safari fupi, huku mtoto mmoja amekaa ngamani akitazama maji yanaingilia wapi. Utotoni mzee alikuwa mtoto huyo wa ngamani, na anasema bado yuko palepale.

Wanaodhani mambo haya ni madogo wakumbuke mchezo wenyewe ulivyoanza. Tarehe 25 Septemba 1974, siku ya Jumatano, klabu ya wakimbiaji ya San Diego, Marekani, iliwakusanya watu 46 jioni kwenye ghuba ya Mission Bay, wakakimbia, wakaendesha baiskeli, wakaogelea, wakaenda zao nyumbani. Miongoni mwao walikuwemo John na Judy Collins, mume na mke, ambao baadaye walibuni lile shindano refu la Hawaii. Siku ya kwanza ya shindano hilo, Februari 1978, walianza wanaume 15 wakamaliza 12. Aliyekuwa akiongoza alipoanza kukimbia aliishiwa maji njiani, wasaidizi wake wakampa bia, na akapitwa na Gordon Haller, aliyemaliza kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Shindano kubwa lenye jina lilizaliwa na lile la Jumatano jioni. Na wakimbiaji wetu kule nyumbani Afrika Mashariki hawakuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu, maana kwa miaka na miaka walifungua mwaka kwenye mbio za nyika. Eliud Kipchoge alishinda mbio za nyika za dunia za vijana kule Uswisi mwezi Machi 2003, na Agosti ya mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris, akiwa na miaka 18.

Sasa naitazama klabu yetu ya triathloni na moyo unaniuma. Vijana wanafunga baiskeli sebuleni mbele ya skrini inayowaonyesha milima ya Ufaransa, na upepo wa pembeni hauwafikii, wala lori halipiti karibu na kiwiko chao. Mtu anajua idadi ya mapigo ya moyo wake kwa kila dakika, lakini hajawahi kubadilisha tyubu kwenye mvua. Halafu analipa fedha nyingi kwa shindano moja, anapanda ndege, na huko, mbele ya umati, ndiko anakokutana kwa mara ya kwanza na mambo ambayo mzee alikutana nayo Aprili kwa bei ya chakula cha mchana. Kiangazi kilichopita nilimkuta kijana wetu mmoja amekaa ukingoni mwa barabara, kilomita ya 60, akitapika. Hakuwahi kula kitu chochote juu ya baiskeli nje ya nyumba yake. Nilimhurumia, na nilitukasirikia sisi wakubwa tuliomwona akijiandaa hivyo majira yote ya baridi tukanyamaza.

Na mbio ndogo zenyewe zinatuponyoka. Mashindano ya Jumanne jioni, ya kuachiwa mmoja mmoja kila dakika ili kila mtu apambane na saa peke yake, yalikuwa yakijaza barabara yetu ya shambani. Mwaka jana kuna jioni tulikuwa watano. Bibi aliyekuwa akihesabu mizunguko ya waogeleaji kwa chaki na kibao, asiyekosea hata mmoja, amefariki, na kibao chake kiko stoo. Shindano la bwawani lilihitaji watu 30 wa kusimama kwenye kona, kuhesabu na kuchemsha chai. Tulijitokeza 11, likafutwa wiki mbili kabla ya siku yake. Mzee aliipokea habari hiyo bila neno, akaenda kulikunja taulo lake.

Orodha ya Aprili ijayo imebandikwa mlangoni mwa bwawa. Nilipoipita juzi ilikuwa na majina 14, la kwanza ni lake. Kama kuna shindano dogo kama hili mjini kwako, na orodha kama hii imebandikwa mahali, andika jina lako kabla ya mwisho wa mwezi.