Amana ya Chombo Kidogo

Miongoni mwa kazi za mkono ambazo mwanadamu hujifunza kwa hiari yake, pasipo kushurutishwa na njaa wala kuamriwa na tajiri, ni chache zimtiazo mtu adabu kama kazi ya kuunda chombo kidogo cha mbao, kilichopimwa na kupunguzwa kwa kadiri moja kutoka katika chombo cha kweli kilichopata kuelea majini. Kazi nyingine humfunza mtu wepesi wa vidole, au subira, au hesabu. Hii humfunza yote hayo, kisha ikamtaka, tangu siku ya kwanza, afanye vyema yale ambayo hakuna jicho litakaloyaona.

Naandika haya Kasenga, ukingoni mwa Luapula, mto ule utokao upande wa ziwa Bangweulu, ukaporomoka kwa kishindo pale Mambilima, kisha ukatulia na kukubali kubeba vyombo mpaka ziwa Mweru. Ng'ambo ni Zambia. Huku ni Katanga. Zama za utawala wa Wabelgiji walikuja hapa wafanyabiashara wa Kiyunani, wakaweka mashua zao na mitambo yao ya barafu, na samaki waliovuliwa mtoni na ziwani wakapakiwa katika malori kwenda Elisabethville, mji tuuitao leo Lubumbashi, kuwalisha watu waliochimba na kuyeyusha shaba. Mpumbu, samaki ambaye kila mwaka maji yajaapo alikuwa akiupanda mto makundi kwa makundi kwenda kutaga, alivuliwa kwa pupa isiyo na kiasi, hata kufikia miaka ya 1950 alikuwa amekwisha kuwa adimu. Mashua nazo hazina umri mrefu kuliko samaki: mbao huoza, misumari huliwa na kutu, na chombo kikongwe kilichopandishwa pwani hugeuka kuni kabla hakijapata mtu wa kukiandika.

Basi mwanafunzi wa kazi hii ataanza na chombo gani? Tabia ya wanaoanza ni kutamani kilicho mbali na kilicho kikubwa. Humwona mtu hajapata kushika patasi, naye nia yake yote imo katika Victory, manowari ya amirali Nelson yenye mizinga 104 na kamba zisizo na idadi, iliyohifadhiwa hata leo huko Portsmouth, Uingereza. Simlaumu, kwani uzuri humvuta kila mtu. Lakini manowari ile ataijua kwa picha tu, na picha haijibu maswali. Mashua iliyolala kwenye mchanga wa Kasenga hujibu. Aweza kuizunguka, akaipima kwa kamba, akaingiza mkono chini ya sitaha na kupapasa jinsi taruma, yaani mti wa kiunzi cha ubavuni, lilivyokaa juu ya mkuku, uti wa mgongo wa chombo, na akiwa na shaka aweza kumwendea mzee mvuvi, akamwamkia kwa heshima, na kumwuliza kwa nini ubao ule ulikatwa hivi na si vile.

Akishachagua, na apime kabla ya kukata. Chombo cha urefu wa mita 10, kikipunguzwa mara 20, huwa sentimita 50, kadiri ya kukaa juu ya meza. Na ubao wake wa unene wa milimita 25 huwa milimita moja na robo. Hapo ndipo mti unapoanza kumfunza mtu. Mninga, ambao watu wa huku huuita mulombwa, ni mti mzuri wa milango na vitanda, na mabaki yake hayakosekani chini ya meza ya seremala yeyote. Lakini ukichanwa hata ukawa mwembamba kama ganda, hupasuka pale nyuzi zake zinapokwenda mshazari. Basi mwanafunzi hana budi kuugeuza ubao mwangani, afuate nyuzi kwa jicho, na kuchagua kipande ambacho nyuzi zake zimenyoka kutoka ncha hata ncha.

Mkuku ndio wa kwanza, nao uwe umenyoka kabisa, kwa kuwa kombo lake litakuwa kombo la kila kitakachofuata. Juu ya ncha zake husimamishwa fashini, ya omo, yaani mbele, na ya tezi, yaani nyuma, kisha mataruma, jozi baada ya jozi, kila moja likiwa na umbo lake, lakini la kulia na la kushoto yakifanana sawasawa. Kingo za mataruma ya karibu na omo na tezi hukatwa hanamu, ili ubao ukija kuinama ulale juu yake wote mzima, usiguse kwa ncha tu. Nao ubao haupigiliwi vivi hivi: huloweshwa katika maji ya moto, ukapindwa polepole, ukashikwa kwa vibanio vya nguo mpaka ukauke katika umbo lake jipya, ndipo ukatiwa gundi. Ukitia mmoja kulia, wa pili utie kushoto. Mtu akiukamilisha ubavu mmoja kabla ya wa pili, mbao zitauvuta mkuku upande wao, na chombo kitapinda na hakitanyoka tena. Na kwa kuwa chombo ni kipana kiunoni na chembamba kwenye ncha, lazima kila ubao upunguzwe upana unapokaribia omo na tezi. Na njia ya kujua kiasi chake ni kupima mzingo wa kila taruma na kuugawanya sawa kwa idadi ya mbao. Hesabu ni nyepesi. Kuitii ndiko kuzito.

Wako wadhanio kwamba kazi ikiwa ndogo, makosa yake nayo huwa madogo. Dhana hiyo ni batili, na maumbile yenyewe huikanusha. Tuseme mtu ameunda jahazi la pwani, akalipunguza mara 20 kwa uaminifu wote, akalitweka tanga na kulitia majini ili lisafiri kweli. Urefu wake umepungua mara 20, eneo la tanga limepungua mara 400, lakini uzito wa chombo umepungua mara 8,000, na upepo wa Mungu haukupungua hata chembe. Jahazi kubwa litajiegemeza juu ya uzito wake na kwenda. Hili dogo, ambalo kila kipimo chake ni sahihi, litalala ubavu kwa pumzi ya kwanza, mpaka fundi alitundikie risasi chini ya mkuku. Kwa hiyo udogo hauleti msamaha; badala yake hudai fundi aelewe kila kitu kilikuwapo kwa sababu gani, kwa maana aigaye umbo pasipo kuijua sababu yake ataiga vizuri na kuzama vilevile.

Sasa narudi katika lile lisiloonekana. Mbao zikisha kufunika ubavu, mataruma yametoweka, na mwenye haraka aweza kujiambia kwamba lile lililokaa vibaya lijazwe gundi na kusahauliwa. Lakini jambo lililofichwa katika chombo huwa na siku yake. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hata Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako mafundi waliiunganisha upya na kuishusha katika ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokuwa wakiukimbia mji, mafundi wale wale waliamriwa kuizamisha. Walitii, ila kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito, kila mahali ambapo maji yangeweza kula chuma, pasipo kujua kama kuna mtu atakayezifungua tena. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba, ikawachukua watu wa Kigoma na Mpulungu kwa miaka mingi iliyofuata. Kilichoiokoa ni kazi iliyofanywa mahali pasipo mtazamaji, nayo ikafanywa kwa ukamilifu.

Na katika pwani yetu ya Uswahili amana hii ya kufanya vyema yasiyoonekana ina ushahidi ulio mzito zaidi. Mtepe wa Lamu na visiwa vyake, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari wa chuma, na tanga lake likawa mkeka wa miyaa, ulisafiri karne nyingi, kisha ukatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Aliyezaliwa baada ya hapo hana pa kuuona ukitweka. Amebakiwa na picha chache, na maandishi ya waliowahi kuupima, na vyombo vidogo vya mfano vilivyowekwa katika makumbusho, vikiwamo vile vya Fort Jesus, Mombasa. Mfano wa namna hiyo umekwisha kuvuka mpaka wa mchezo na pambo. Umekuwa shahidi, na mtafiti huuendea kuhesabu matundu ya kamba na kufuata jinsi uzi ulivyopita kutoka ubao hata ubao. Ikiwa fundi aliyeuunda mfano huo alishona kwa haki hata mahali pa giza, ushahidi wake unakubalika. Na ikiwa alitia mishono ya nje tu kwa ajili ya wanunuzi, amewadanganya watu ambao hata hawajazaliwa, wala hawana tena chombo kikubwa cha kumsahihisha.

Kwa hiyo nisemapo kwamba kazi hii yastahili kusifiwa, sikusudii kusifu starehe yake peke yake, ingawa starehe imo, tena tele: harufu ya mti uliochanwa sasa hivi, na furaha ya kuona ubao ulioshindana nawe jana umelala leo kwa utii. Nasifu zaidi kwamba humweka mtu asiye na cheo katika daraja ya mtunza kumbukumbu. Kasenga haina makumbusho ya mashua zake. Ina wazee waliozipanda na vijana wenye mikono. Kijana atakaye kuanza asingojee vifaa vya gharama wala michoro ya ng'ambo. Kisu kikali, msumeno mwembamba, msasa, gundi, kamba ya kupimia na daftari vyamtosha. Na aandike kwanza, kabla ya kukata hata ubao mmoja: urefu, upana, kina, idadi ya mataruma, aina ya mti, na jinsi kila kiungo kilivyoshikana na mwenzake chini ya sitaha, hasa pale asipotarajia mtu mwingine kuchungulia. Chombo chake cha kwanza huenda kikawa na mbao zisizolingana na rangi isiyotulia, na hilo si aibu; maadamu vipimo ni vya kweli na viungo ni vya haki, kitakuwa kimesema ukweli kuhusu mashua ya Kasenga, na watakaokuja nyuma watakuwa na pa kuanzia.