Padoki Kwanza: Mwongozo wa Kupima Siku ya Mbio za Farasi

Mbio za farasi za masafa ya mita 2,000 hudumu kwa takriban dakika mbili, na siku nzima ya mashindano, yenye mbio sita au saba zinazoachana kwa nusu saa hivi, humpa mtazamaji chini ya robo saa ya kuwaona farasi wakienda shoti, yaani mwendo wa kasi kuliko yote. Saa zinazobaki ndizo zinazoitofautisha siku iliyopangwa kwa ustadi na ile iliyojaa umati na kelele tu. Kwa hiyo mpenzi wa mbio aliyekwisha kula chumvi nyingi, ambaye magoti yake hayamruhusu kusimama mchana kutwa wala kusukumana kwenye uzio, hana sababu ya kuyapima mashindano kwa ukubwa wa zawadi au umaarufu wa jina. Kipimo kinachomfaa ni kiasi gani uwanja unamwonyesha farasi mwenyewe, kwa ukaribu gani na kwa muda gani, kabla milango ya kuanzia haijafunguliwa.

Mahali pa kutumia kipimo hicho ni padoki, yaani eneo lenye njia ya mviringo ambamo farasi hutembezwa na masaisi, ambao ni watunzaji wao wa kila siku, kabla ya kupandwa. Padoki nzuri iko karibu na jukwaa, ina kivuli na ngazi chache, na humwezesha mtu aliyeketi kuwaona farasi wote wakimpitia mara kadhaa, kwa sababu mzunguko mmoja hautoshi kumhukumu mnyama yeyote. Jicho lililozoea huanza na hatua: farasi aliyelegea vizuri huutua ukwato wa nyuma mbele ya alama iliyoachwa na ukwato wa mbele, ilhali yule mwenye hatua fupi zilizokakamaa huenda ana maumivu au ametawaliwa na hofu. Baada ya hatua hutazamwa manyoya, ambayo mng'ao wake hutokana na afya zaidi kuliko brashi, kisha misuli ya mapaja na kiuno, ambayo kwa farasi wa masafa mafupi huwa minene na iliyofungana, na kwa wa masafa marefu huwa myepesi na iliyonyooka. Jasho la shingoni siku ya joto si neno. Lakini povu jeupe katikati ya mapaja, tena siku ya baridi, huonyesha mnyama anayezimaliza nguvu zake kabla ya kazi, na ndivyo ilivyo kwa yule anayehitaji masaisi wawili wa kumzuia.

Hata hivyo hakuna dalili inayotosha peke yake, kwani wapo farasi walioshinda wakiwa wamelowa jasho, na wapo waliong'aa padokini wakamaliza mkiani. Linalohesabika ni mabadiliko: farasi ambaye kwa kawaida hutulia akitokea ametaharuki, au mwenye wasiwasi wa siku zote akitembea kwa utulivu, ana habari ya kumpa anayemjua. Hapo kumbukumbu ndefu huwa mtaji, na mtazamaji mzee humshinda kijana mwenye darubini ya bei ghali.

Mfano bora wa mabadiliko ya namna hiyo ni Frankel, farasi wa Uingereza aliyekimbia mara 14 bila kushindwa. Alipokuwa mdogo alivuta hatamu kwa nguvu mno, akitaka kumaliza kila mbio kwa pumzi moja, na ustadi wa mkufunzi wake, Henry Cecil, ulikuwa kumfundisha kusubiri bila kumvunja moyo. Matunda ya kazi hiyo yalionekana York, Uingereza, mwezi Agosti 2012, katika mbio za Juddmonte International za takriban mita 2,050, masafa ambayo Frankel hakuwa ameyajaribu kabla, naye akashinda kwa nafasi ya urefu wa farasi saba. York yenyewe inastahili safari. Uwanja wake wa Knavesmire ni tambarare na mpana, hivyo mbio huonekana kwa urefu, na tamasha lake la Agosti hufunguliwa Jumatano, siku ya Juddmonte International, wakati msongamano wa Jumamosi haujafika.

Uwanja wa Ascot, nao wa Uingereza, ulioanzishwa na Malkia Anne mwaka 1711, huhukumiwa na wengi kwa kofia na magari ya kifalme ya kukokotwa, jambo ambalo si haki kwa programu yake ya Juni. Siku ya kwanza peke yake huwa na mbio tatu za Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya ushindani, nayo Alhamisi huwa na Gold Cup ya takriban mita 4,000. Masafa hayo yana manufaa yasiyosemwa sana: farasi hupita mbele ya majukwaa mara mbili, hivyo mtazamaji hupata kulinganisha mwendo wao walipokuwa wabichi na walipochoka.

Nchini Marekani, jina kubwa ni Kentucky Derby, inayokimbiwa Louisville tangu 1875, na siku hizi kwa kawaida Jumamosi ya kwanza ya Mei. Farasi Secretariat aliikimbia mwaka 1973 kwa chini ya dakika mbili, na rekodi hiyo bado haijavunjwa. Lakini kwa kipimo cha mwongozo huu ni siku dhaifu: umati hupita watu laki moja, farasi huweza kufika 20, na wengi wa wanaoingia eneo la katikati ya uwanja hawaoni mbio ila kwenye skrini. Wa kupendekezwa ni uwanja wa Saratoga, katika jimbo la New York, uliofunguliwa 1863, ambako farasi huongozwa kwenda padokini wakipita katikati ya watu chini ya miti, na ambako asubuhi mtu huweza kunywa chai akitazama mazoezi. Huko ndiko farasi Man o' War alikoshindwa kwa mara pekee maishani mwake, mwaka 1919, na farasi aliyemshinda, kwa kejeli ya bahati, aliitwa Upset, neno la Kiingereza lenye maana ya ushindi usiotarajiwa.

Kwa wasemaji wa Kiswahili walioko Ghuba, uwanja wa Meydan mjini Dubai una sifa mbili: msimu wake huangukia miezi ya baridi na mbio nyingi hufanyika usiku chini ya taa; tena Dubai World Cup, iliyoanza 1996 kwa ushindi wa farasi Cigar kutoka Marekani, ilijengwa bila kamari, kwa hiyo mazungumzo ya watu hubaki juu ya farasi. Udhaifu wake ni ukubwa. Jukwaa lina urefu unaozidi kilomita moja, na mzee anayefuata padoki kila nusu saa atatembea sana. Walioko Oman wana cha kutazama kingine, ardha, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi usioshikika, ambamo wapanda farasi wawili hukimbia sambamba wakiwa wameshikana mikono. Si mashindano ya kufika kwanza, lakini hufichua malezi ya farasi kuliko mbio nyingi, maana wanyama wasioaminiana hawawezi kwenda bega kwa bega kwa kasi hiyo.

Nairobi ina Ngong, uwanja wa nyasi na miti ambao huendesha mbio zake Jumapili, na ambao Kenya Derby yake ina historia iliyomhusisha Beryl Markham, mkufunzi na rubani, aliyeandaa washindi wake kadhaa. Farasi wa Ngong si wa kiwango cha York, na kudai kinyume ni kujidanganya. Faida yake ni udogo: idadi ya washiriki huwa ya wastani, padoki na uzio viko hatua chache kutoka kitini, na farasi walewale hurudi tena na tena katika msimu mmoja, hivyo mtazamaji anayehudhuria kwa ukawaida hujenga ile kumbukumbu ya hatua, jasho na tabia ambayo mgeni wa siku moja huko Louisville hawezi kuipata kwa fedha yoyote. Anayeanza kujifunza kazi hii uzeeni aanzie hapo, afike kabla ya mbio za kwanza, na amchague farasi mmoja wa kumfuata mpaka mwisho wa msimu.