Namba za Swali Hazichaguliwi Ovyo

Mwulize mwanafunzi wa darasa la sita: kati ya 0.36 na 0.72, ipi kubwa? Atajibu 0.72, nawe utaweka alama ya vema. Lakini vema hiyo haikuambii lolote kuhusu desimali. Mtoto asiyejua kazi ya nukta ataipuuza, atalinganisha 36 na 72, na atapata jibu lile lile la mwenzake aliyeelewa. Kosa hapa ni la mtunga swali. Amechagua namba ambazo kila njia, sahihi na potofu, inafika mahali pamoja.

Kutunga swali linalotenganisha njia hizo ni ufundi, nao una kanuni zake. Mwaka 1989 Lauren Resnick na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Marekani, Israeli na Ufaransa katika kupanga desimali kwa ukubwa. Waligundua kwamba watoto hawakosei kiholela. Makosa yao hufuata kanuni ambazo watoto wenyewe wamejitungia.

Kanuni ya kwanza hutoka kwenye namba nzima: yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa. Kwa hiyo 0.45 inaishinda 0.6, kwa kuwa 45 ni zaidi ya 6. Kanuni ya pili ni kinyume chake na hutoka kwenye somo la sehemu: sehemu ya mia ni ndogo kuliko sehemu ya kumi, basi kila namba inayofika kwenye mia ni ndogo. Kwa mtoto huyu 0.3 inaizidi 0.45. Kanuni ya tatu inafanana na ya kwanza, ila mtoto amekwisha kuambiwa kwamba sifuri ikikaa mara tu baada ya nukta namba hupungua. Hapo hapati shida, kwingine kote anarudi kuhesabu urefu.

Sasa tazama jozi tatu: 0.45 na 0.6; 0.3 na 0.45; 0.09 na 0.8. Katika kila jozi mtoto azungushie iliyo kubwa. Mwenye kanuni ya kwanza atakosa jozi ya kwanza na ya tatu. Mwenye kanuni ya pili atakosa ya pili tu. Mwenye kanuni ya tatu atakosa ya kwanza tu. Hawa wawili wa mwisho wote wamepata mbili kwa tatu, na kwenye kitabu cha alama wanaonekana sawa, ilhali mmoja anadhani ndefu ndiyo kubwa na mwingine anadhani fupi ndiyo kubwa. Ukiwapa marudio yale yale, angalau mmoja wao umempa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Mwalimu asome mpangilio wa majibu kwanza, jumla ya alama baadaye.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine. Kanuni ya pili ilijitokeza Marekani na Israeli, ambako sehemu zilifundishwa kabla ya desimali. Ufaransa, ambako desimali zilitangulia, ilikuwa nadra. Maana yake ni kwamba baadhi ya makosa huzaliwa na mpangilio wa mtaala, na mtoto ameyafikia kwa kutumia kwa bidii kile alichofundishwa.

Tiba ya kanuni zote tatu ni moja: kila tarakimu ionekane na nafasi yake. Simon Stevin, katika kijitabu chake *De Thiende* cha mwaka 1585, aliandika namba ndani ya kiduara pembeni ya kila tarakimu: 1 kwa sehemu ya kumi, 2 kwa sehemu ya mia. Ni uandishi mrefu, ndiyo maana nukta iliushinda, lakini kwa anayeanza una faida kubwa. Jedwali la nafasi ubaoni linafanya kazi hiyo hiyo. Mtoto akijaza 0.6 kwenye safu zake, anaona sehemu sita za kumi na safu ya sehemu za mia ikiwa tupu. Akijaza 0.45, anaona sehemu nne tu za kumi, na ubishi umekwisha kabla hajaifikia ile 5.

Kwenye mafumbo ya hesabu, uchaguzi wa namba una uzito huo huo. Mfano maarufu ni wa Marekani, katika tathmini ya kitaifa ya mwaka 1983, ambako wanafunzi wa miaka 13 waliulizwa: basi moja linabeba askari 36, askari 1,128 wanahitaji mabasi mangapi? Takribani asilimia 70 waligawanya sawasawa na kupata 31 baki 12. Lakini waliojibu 32 walikuwa asilimia 23 tu. Asilimia 29 waliandika "31 baki 12", na asilimia 18 wakajibu 31, wakiwaacha askari 12 barabarani.

Tazama ile baki. Kumi na mbili ni theluthi ya 36, hivyo anayekadiria kwa mazoea atashuka hadi 31 na kukosa. Kama baki ingekuwa 30, mazoea hayo yangempandisha hadi 32, naye angepata vema bila kufikiria basi hata moja.

Mbinu hiyo ya kuchagua baki tunaweza kuihamishia kwenye desimali. Fundi cherehani ana kitambaa cha mita 10.8, na shati moja linakula mita 1.6. Atapata mashati mangapi? Kugawanya kunaleta 6.75. Anayekadiria ataandika 7; anayewaza kitambaa ataandika 6. Ongeza swali la pili: kitambaa kiasi gani kimebaki? Wengi watajibu mita 0.75, kumbe ile 0.75 ni ya shati. Kitambaa kilichobaki ni mita 1.2. Sasa geuza: mafuta lita 10 yamiminwe kwenye madumu ya lita 1.6. Kugawanya kunaleta 6.25, na madumu yanayohitajika ni 7. Kazi ni ile ile ya kugawanya, lakini fumbo moja linashusha na jingine linapandisha, na namba zimepangwa ili mazoea yakose yote mawili.

Mtego wa mwisho uko kwenye kuchagua tendo. Kilo ya mchele ni shilingi 3,000, kilo 0.75 ni bei gani? Mtoto anaona jibu lazima lipungue, na anaamini kuzidisha huongeza siku zote, basi anagawanya na kupata 4,000. Efraim Fischbein na wenzake waliieleza imani hii mwaka 1985 kwa kuwachunguza wanafunzi wa Italia. Haiondolewi kwa kumwambia mtoto kwamba amekosea. Mtake akisie kabla ya kukokotoa: robo tatu ya kilo inaweza kuizidi bei ya kilo nzima? Hapo 4,000 inajikataa yenyewe, na 2,250 inabaki.

Mwalimu, kabla hujaandika zoezi ubaoni, lifanye mwenyewe kwa kila njia potofu unayoijua. Njia potofu ikifika kwenye jibu sahihi, badilisha namba.