TASA ISIYO TASA: UHAKIKI WA ISTILAHI NA UFUNDISHAJI WA VIGAWO, VIGAWE NA NAMBA TASA KATIKA MUKTADHA WA MAGANZO, SHINYANGA

1.0 Utangulizi

Mji mdogo wa Maganzo uko katika Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui ulioanzishwa mwaka 1940 na mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson. Wakazi wengi wa eneo hilo ni Wasukuma wanaoishi kwa kilimo, ufugaji, biashara na uchimbaji mdogo wa almasi. Mtoto anayesoma katika shule ya umma ya eneo hilo aghalabu huanza na Kisukuma nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hufundishwa kwa Kiingereza aingiapo kidato cha kwanza. Mada ya vigawo, vigawe na namba tasa humpata mara mbili katika safari hiyo: kwanza kwa Kiswahili, baadaye kwa Kiingereza kama sehemu ya mada ya namba.

Sehemu hii inahakiki istilahi za Kiswahili zinazobeba mada hiyo pamoja na namna iliyozoeleka ya kuzifundisha. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi hizo zina maarifa ndani yake, na kwamba ufundishaji unaotegemea fasili za kukariri na vifupisho huyaacha maarifa hayo bila kutumika. Aidha, inaoneshwa kwamba istilahi moja, namba tasa, huwasilisha dhana yake kinyumenyume, na kwamba mazingira ya Maganzo yana nyenzo za kuinyoosha.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo ya aina mbili. Kwanza ni tofauti aliyoibainisha Richard Skemp mwaka 1976 kati ya kujua kanuni bila kujua sababu yake na kujua kanuni pamoja na mahusiano yanayoizaa. Pili ni mkabala wa etnohisabati uliohusishwa na Ubiratan D'Ambrosio wa Brazili na kuendelezwa na Paulus Gerdes nchini Msumbiji, ambao huzichukulia kazi na lugha za jamii kuwa mahali halali pa kuanzia hisabati. Mkabala wa pili unaafikiana na wito wa Julius Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea (1967) kwamba shule isimtenge mwanafunzi na jamii yake. Hata hivyo, mkabala huo unahitaji tahadhari inayojadiliwa katika sehemu ya 6.0.

3.0 Kigawo na Kigawe: Uhusiano Mmoja Katika Maneno Mawili

Istilahi kigawo na kigawe hutofautiana kwa irabu ya mwisho tu. Kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, maneno yote mawili husisitizwa katika -ga-, na irabu inayoyatofautisha hubaki bila mkazo. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, mwanafunzi aliyeketi nyuma anaweza kabisa asiisikie tofauti hiyo. Ni rahisi, basi, kuhitimisha kwamba istilahi hizo ziliundwa vibaya.

Hitimisho hilo si sahihi. Kiambishi tamati -e katika nomino zitokanazo na vitenzi huelekea kumtaja mtendwa: mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Kiambishi tamati -o kinapoandamana na ki- mara nyingi hutaja kifaa: kifuniko hufunikia, kizibo huzibia, kipimo hupimia. Kwa mujibu wa utaratibu huo, kigawo ni kinachogawa na kigawe ni kinachogawanywa. Kauli "3 ni kigawo cha 12" na kauli "12 ni kigawe cha 3" zina ukweli uleule, uliotazamwa kutoka ncha mbili. Mwanafunzi anayezijua jozi za maneno kama mtume na kizibo tayari anao ufunguo wa jozi hii.

Udhaifu wa ufundishaji uliozoeleka ni kwamba huuvunja uhusiano huo. Vigawe hufundishwa kama kuhesabu kwa kuruka: 3, 6, 9, 12, vigawo hufundishwa kama kugawanya bila baki. Mwanafunzi huondoka na taratibu mbili zisizojuana, zenye majina yanayofanana kwa sauti. Kuchanganya kunakofuata huitwa uzembe wa mwanafunzi, ilhali chanzo chake ni mpangilio wa somo.

Maganzo huongeza ugumu mwingine. Neno mgawo, linalotokana na kitenzi kilekile, hulenga fungu analopata mtu baada ya mapato kugawanywa. Mwanafunzi anayelifahamu neno hilo kutokana na maisha ya wachimbaji anaweza kudhani kwamba kigawo cha 12 ni fungu la kila mmoja. Mwalimu makini halazimiki kulipinga wazo hilo. Anaweza kulifuata hadi mwisho. Watu 3 wakigawana 12, wagawaji ni 3 na mgawo ni 4. Watu 4 wakigawana 12, nafasi hubadilishana. Kumbe kila fungu kamili nalo ni kigawo, na vigawo huja viwili viwili: 1 na 12, 2 na 6, 3 na 4. Kosa la lugha hapo huwa njia ya kugundua sifa ya hisabati.

4.0 Vifupisho KKS na KDS

Ugumu huzidi mada inapofika katika Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika, ambavyo darasani huishi zaidi kama KKS na KDS. Kwa namba 12 na 18, KKS ni 6 na KDS ni 36. Mwanafunzi aliyekariri vifupisho huona kitu cha ajabu: kilichoitwa kikubwa ni kidogo, na kilichoitwa kidogo ni kikubwa. Asipopewa maelezo, hujifunza kwamba katika hisabati maneno hayana maana.

Maelezo yamo katika neno shirika. Mtoto wa leo huenda akalijua neno hili kama jina la taasisi, lakini maana yake ya msingi ni kushiriki kitu pamoja. Usukumani maana hiyo ina historia ndefu kupitia ushirika wa wakulima wa pamba, uliounganishwa mwaka 1955 chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions. Vigawo vya shirika vya 12 na 18 ni vile ambavyo namba zote mbili zinavimiliki: 1, 2, 3 na 6. Kikubwa katika orodha hiyo ni 6. Vigawe vya shirika ni 36, 72, 108 na kuendelea, na kidogo katika orodha hiyo ni 36. Maneno kikubwa na kidogo hulinganisha wanaoshirikiwa, kila kimoja ndani ya orodha yake. Hayalinganishi majibu mawili.

Swali ambalo ufundishaji wa vifupisho hauliulizi ni kwa nini hakuna anayetafuta kigawo kidogo cha shirika wala kigawe kikubwa cha shirika. Jibu lake ni fupi na lina uzito: kigawo kidogo cha shirika daima ni 1, na kigawe kikubwa hakipo kwa sababu orodha ya vigawe haina mwisho. Mwanafunzi aliyelijibu swali hilo mwenyewe hahitaji kukumbuka kifupisho kipi kinatafuta nini. Ikiwa mnada mmoja hufanyika kila baada ya siku 14 na mwingine kila baada ya siku 21, na leo yote miwili imekutana, ataona mwenyewe kwamba itakutana tena baada ya siku 42.

5.0 Namba Tasa na Taswira ya Kutozaa

Istilahi namba tasa inastahili uhakiki wa peke yake. Kwa Kigiriki namba hizi ziliitwa namba za kwanza. Kilatini kilifuata taswira hiyo, na Kiarabu cha leo huitumia pia. Kiswahili kilichagua taswira ya mnyama au mtu asiyezaa. Katika jamii ya wafugaji, ng'ombe tasa ni hasara, na mwanamke anayeitwa tasa hubeba jeraha. Neno linaingia darasani likiwa na uzito huo, na huenda wamo watoto ambao wamelisikia nyumbani likitumika kama tusi.

Tatizo la kihisabati ni kubwa kuliko la kijamii. Namba 7 huzaa vigawe 7, 14, 21, 28 na kuendelea bila kikomo. Kwa maana hiyo si tasa hata kidogo. Kinachokosekana kwa 7 ni wazazi. Namba 12 imezaliwa na 2, 2 na 3 kwa njia ya kuzidisha, lakini 7 haikuzaliwa na namba nyingine ndogo kuliko yenyewe. Namba hizi, basi, ni wahenga wa ukoo: kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni mmoja wao, ama inatokana nao kwa namna moja tu, mpangilio usipohesabiwa. Istilahi imetaja upungufu pale ambapo dhana inataja asili.

Mkanganyo huo una matokeo. Mwanafunzi anayeijua namba tasa kama namba isiyogawanyika huiweka 1 katika kundi hilo, kwa sababu nayo haigawanyiki kwa namba nyingine. Akiambiwa tu kwamba 1 si namba tasa, anapokea amri. Akiijua namba tasa kama mzazi, ataona sababu: kuzidisha kwa 1 hakuzai namba mpya, na kama 1 ingekubaliwa, 12 ingeandikwa kwa njia zisizo na idadi. Vilevile, anayetegemea mwonekano huziita 51, 57 na 91 namba tasa, ilhali wazazi wao wapo: 3 na 17, 3 na 19, 7 na 13.

Uhakiki huu haupendekezi kuifuta istilahi. Imekwisha kukita mizizi katika vitabu na mitihani, na kuibadilisha kungemgharimu mwanafunzi kuliko kumsaidia. Kinachopendekezwa ni kuigeuza kuwa swali la somo: je, namba tasa ni tasa kweli?

6.0 Chekeche: Nyenzo na Mpaka Wake

Njia ya kale ya kuzipata namba tasa inahusishwa na Eratosthenes, mtaalamu wa Aleksandria wa karne ya 3 kabla ya Kristo, nayo huitwa chekeche. Zinaandikwa namba 2 hadi 100. 2 huachwa na vigawe vyake vingine hukatwa. Kisha hufanywa vivyo hivyo kwa 3, 5 na 7. Kazi huishia hapo, kwa kuwa namba tasa inayofuata ni 11, na 11 mara 11 ni 121. Namba 25 zinazobaki ndizo namba tasa zilizo chini ya 100.

Sehemu nyingi jina hilo hubaki kuwa neno tu. Maganzo, chekeche ni kifaa kinachoonekana. Mchimbaji mdogo huzungusha changarawe majini hadi mawe mazito yakusanyike katikati, akitafuta kitakachobaki. Taswira hii inarekebisha upotovu wa neno tasa: kinachobaki katika chekeche ndicho kilichotafutwa, chenye thamani. Pia inaunganisha mada yote, kwa kuwa kinachokatwa ni vigawe, na kinachokata ni kigawo.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mgodini mtoto aliye chini ya miaka 18. Mfano unaomweka mtoto mwenyewe mtoni na chekeche mkononi unaweza kuifanya kazi hiyo ionekane ya kawaida, na katika eneo ambalo machimbo yako karibu, hiyo si hatari ndogo. Etnohisabati isiyoliona jambo hili huisifu jamii huku ikimsahau mtoto. Mfano unaofaa huchukua kifaa na kuiacha ajira: jedwali la namba hubaki darasani, na kokoto za uwanjani hupangwa kwa mistari na safu. Kokoto 12 hupangika katika mistatili ya 1 kwa 12, 2 kwa 6 na 3 kwa 4. Kokoto 7 hukubali mstari mmoja tu.

7.0 Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba muda wa kipindi ni mfupi na mtihani huuliza jibu, hivyo maelezo ya viambishi na wahenga ni anasa. Pingamizi hilo halizingatii kinachotokea baada ya shule ya msingi. Kidato cha kwanza, KKS na KDS hutoweka pamoja na lugha iliyovibeba. Mwanafunzi aliyekuwa na vifupisho tu huanza upya, safari hii kwa lugha asiyoimudu. Aliyeelewa kwamba kuna kinachogawa na kinachogawanywa, kwamba kushiriki kuna orodha yake, na kwamba kila namba ina asili, huhitaji kujifunza majina mapya ya vitu anavyovifahamu. Kiswahili kimeweka mahusiano hayo ndani ya maneno yake. Ufundishaji wa mada hii katika shule za Maganzo, na kwingineko, unapaswa kuanza kwa kuyasoma maneno hayo kabla ya kuyafupisha.