Ibn Battuta Alipofika Kwetu: Aliyoyaona na Aliyoyapita



Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuamrisha katika Kitabu chake, tena mahali pengi, tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Basi kuzuru nchi ili kuona maumbile yake na athari zake za kale si upuuzi, wala si kazi ya wageni peke yao. Likifanywa kwa nia njema, jambo hilo ni darasa. Na kwa kuwa kila darasa lina kitabu chake, leo nataka tuipime Rihla ya Ibn Battuta, khasa zile kurasa chache zinazohusu pwani yetu. Wengi wetu huitaja kwa fahari. Walioisoma kwa mizani ni wachache.

Bwana huyu alizaliwa Tanja, nchi ya Moroko, mwaka 1304, akatoka kwao mwaka 1325 kwenda Hija. Mwaka 1331 alipanda chombo Aden, akapita Zaila na Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akafika Kilwa.

Fadhila ya kwanza ya kitabu chake ni kuwa hakudharau mambo madogo. Alipofika Mombasa alitazama watu wanakula nini: ndizi na samaki, na nafaka ikiletwa kutoka ng'ambo. Akataja tunda linalofanana na zeituni lakini tamu sana, na kwa sifa hizo bila shaka ni zambarau. Kisha akasimama mlangoni pa msikiti. Akaviona visima, na kata ya mti yenye mpini wa kiasi cha dhiraa moja, na watu wakiosha miguu kabla ya kuingia, na mkeka mnene wa kuifutia. Akawashuhudia kuwa ni watu wa dini, wenye staha, wa madhehebu ya Imam Shafi. Alilala usiku mmoja tu, na ameyaona haya yote! Mgeni wa leo hukaa wiki mbili, akarudi na picha za mchanga na minazi.

Ama Kilwa, hapo hapana budi tusimame kidogo. Anausifu mji kwa uzuri na kwa kujengwa vyema, lakini anasema majengo yake ni ya miti. Ewe msomaji, vuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko uende Kisiwani ukatazame. Utauona Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe na chokaa, ambao sehemu yake ya kwanza ilijengwa kabla Ibn Battuta hajazaliwa. Utaiona Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Humo limeonekana andiko lenye jina la Sultani Hassan bin Suleiman, na huyo ndiye Sultani aliyemkuta Ibn Battuta. Vipi basi aseme miti?

Sisi tuliosoma elimu ya Hadithi tunajua kuwa mpokezi hupimwa kwa mambo mawili: uadilifu wake na udhibiti wa kumbukumbu yake. Mtu aweza kuwa mkweli naye akasahau. Rihla haikuandikwa Kilwa. Iliandikwa Fas na Ibn Juzay, Ibn Battuta akisimulia, mwaka 1355, yaani miaka 24 baadaye, baada ya Bara Hindi na nchi nyingine nyingi kupita machoni mwake. Na labda alikusudia nyumba za watu wa kawaida, zilizokuwa za miti na udongo, ambazo hazikubaki. Wallahu aalam. Hatumwiti mwongo. Tunasema khabari yake ihesabiwe pamoja na ushahidi wa mawe.

Lakini kasoro kubwa zaidi si ya mawe. Anasimulia kwamba fakiri mmoja wa Yemen alimwomba Sultani nguo alizovaa, naye akampa. Mtoto wa Sultani akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Kisha Sultani akamwongezea fakiri watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki husomwa kuonyesha ukarimu, na Sultani huyo hakika alikuwa mashuhuri kwa kutoa. Lakini hesabu, ndugu yangu: watu ishirini, kwa sababu ya nguo. Walikuwa nani? Mama zao walikuwa wapi? Mwandishi anapita. Dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara. Basi haitufai sisi tupite kama alivyopita yeye, kwani katika majumba yetu ya pwani wamo wajukuu wa waliotoa na wajukuu wa waliotolewa.

Kwa hiyo nasema: Rihla ni kitabu kizuri, na kisomwe majumbani, lakini kisomwe na kuulizwa. Na Kilwa, iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, tusiwaachie watalii. Wapeleke wanao. Waonyeshe mikoko na mibuyu, waelezee pepo za kaskazi na kusi zilizoendesha majahazi. Wakatazeni kuandika majina yao kutani wala kuokota kigae. Kisha waketisheni penye kivuli muwasimulie yote mawili: watu waliojenga nyumba ya Mwenyezi Mungu kwa ustadi ule, na watu ishirini wasiotajwa majina. Atakayerudi na moja tu hajatembea.

Wabillahi tawfiq.