Umbo Kabla ya Maandishi

Kiolezo ni maandishi yenye mapengo. Katika otomatiki ya kusanidi seva, mapengo hayo hujazwa na vigeu: jina la seva, anwani yake, namba ya poti, mahali faili lilipo. Wengi huishia hapo, na kwa kazi ndogo si kosa. Ufundi unaostahili sifa uko hatua moja nyuma yake: kutumia kiolezo kuunda kigeu chenyewe, kikiwa orodha au kamusi yenye matawi, ambacho kiolezo kingine kitakuja kukisoma.

Ansible, chombo alichokianzisha Michael DeHaan mwaka 2012 na ambacho Red Hat ilikinunua mwaka 2015, kinaufaa mjadala huu kwa sababu kinaozesha lugha mbili ambazo hazikuzaliwa kwa ajili ya kukutana. YAML inaeleza data. Jinja2 ya Armin Ronacher, iliyotoka mwaka 2008, ilikusudiwa kutengeneza kurasa za wavuti, na ukurasa mwisho wake ni maandishi tu. Kwa miaka kadhaa, kila kilichotoka katika Jinja2 kilikuwa maandishi. Ansible ilipoyaona yameanza na mabano ya orodha au ya kamusi, iliyarudisha kuwa data. Namba hazikupata bahati hiyo: 8080 iliingia namba, ikatoka tarakimu nne zisizojumlishika. Toleo la 2.7 la Ansible la mwaka 2018 likaleta chaguo la kuhifadhi aina halisi ya data, na tangu ansible-core 2.19 ya mwaka 2025 huo ndio utaratibu wenyewe.

Tuseme HAProxy inagawa kazi kwa kundi la seva za wavuti, na inahitaji jina na anwani ya kila moja. Njia inayomjia mtu kwanza ni kuandika kitanzi kinachotoa mistari ya YAML, kisha kuipitisha yote kwenye kichujio cha from_yaml. Macho yanaielewa upesi, ndiyo maana inapendwa. Tabu yake ni kwamba data inapita katika hali ya maandishi, na huko hatari ni nyingi. Nafasi moja ikipungua mwanzoni mwa mstari, seva inahama tawi. Alama ya reli iliyotanguliwa na nafasi hugeuza mkia wa nywila kuwa maelezo ya kando, nao unapotea kimya kimya. Kwa kanuni za YAML 1.1, NO, msimbo wa nchi ya Norwe, husomwa kuwa “si kweli”. Na 22:22, jozi ya poti isiyo na hatia, husomwa kuwa hesabu ya msingi wa 60, ikawa 1342. Anayelazimika kupita njia hii aipitishe kila thamani kwenye to_json, ili ifungwe katika alama zake za kunukuu.

Njia ya pili haiandiki data, inaigeuza. Usemi huu unatosha:

groups['wavuti'] | map('extract', hostvars, 'ansible_host') | list

Majina ya seva yanaingia upande mmoja, anwani zinatoka upande wa pili, na katikati hakuna maandishi ya kusomwa upya. Zip ikiunganisha majina na anwani, dict huyafanya kamusi. Selectattr huchuja zile tu zenye sifa inayotakiwa. Kiolezo cha mwisho hupokea data iliyokwisha kuwa na umbo, kama mshona mkeka anavyopokea ukili uliokwisha kusukwa.

Vitanzi navyo vina mahali pake, hasa pale masharti yanapozidi mnyororo wa vichujio. Ila kigeu kilichowekwa ndani ya kitanzi cha Jinja2 hufia humo humo. Kabla ya toleo la 2.10 la Jinja2 la mwaka 2017 kuleta namespace, watu walikuwa wakiita append ndani ya set na kulitupa jibu lake, hila inayofanya kazi na kuudhi kwa kiwango kilekile.

Kuunganisha kamusi kunahitaji uangalifu wa aina nyingine. Kichujio cha combine, kisipoambiwa vinginevyo, huishia ngazi ya juu: mpangilio wa msingi ukiwa na tawi la kumbukumbu lenye kiwango na mahali pa faili, na seva moja ikabadili kiwango peke yake, mahali pa faili panatoweka. Chaguo la recursive=True huponya hilo, lakini orodha zilizo ndani bado hubadilishwa nzima nzima mpaka list_merge ielekezwe.

Kuna pia suala la wakati. Kigeu kilichoandikwa katika group_vars hukokotolewa kinapohitajika, hivyo hufuata mabadiliko ya vigeu kinavyovitegemea. Kile cha set_fact hukokotolewa mara moja na kubaki hivyo kwa seva ile. Data inayotokana na data nyingine ikae group_vars; set_fact iachiwe matokeo yanayopatikana kazi ikiwa inaendelea.

Umbo likishakamilika hukaguliwa kabla halijagusa seva. Kichujio cha type_debug hutaja aina ya data iliyopatikana. Assert husimamisha kazi orodha ikiwa tupu au poti ikiwa maandishi. Chaguo la --check pamoja na --diff huonyesha faili litakavyokuwa. Baada ya hapo kiolezo cha HAProxy kinabaki kitanzi kimoja chenye mstari mmoja ndani yake.