Fadhila, Utu na Mti Uliokatwa

Mwaka 1983 Thomas Hill, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika makala juu ya tajiri mmoja aliyenunua nyumba yenye bustani, akaukata mparachichi mkongwe na maua yote, kisha akaifunika ardhi kwa lami. Hill haulizi kwanza ni haki ya nani iliyovunjwa. Auliza: ni mtu wa namna gani awezaye kutenda hivyo? Ajibu kwamba huenda mtu huyo amepungukiwa na unyenyekevu, yaani kujua mahali pake miongoni mwa viumbe.

Sifa njema kama hiyo wafasiri wengi huiita “fadhila”, kama vitabu vya Kanisa Katoliki viitavyo. Lakini katika usemi wa kila siku fadhila ni hisani, nayo yangoja shukrani. Ndipo tusemapo fadhila ya punda ni mateke. Mti hautashukuru. Naona “utu” wafaa zaidi, kwa kuwa watupeleka moja kwa moja kwenye swali la Hill.

Hata hivyo, utu nao hupimwa kwa jinsi mtu awatendeavyo watu wenzake. Ikiwa tajiri yule huwakirimu jirani zake, je, tutasema hana utu? Hapo ndipo hoja ya Hill inapopungua: yaonyesha kasoro ya mkataji, bali haisemi mti wenyewe wastahili nini. Mfasiri achaguaye “utu” hana budi kuutanua ufike mtini. La sivyo, akiri kwamba mti walindwa kwa ajili ya mkataji tu.